Kungoja Mstari Kwenye Vidole

Kama unasoma haya ukiwa kwenye benchi nje ya ICU, kwanza nenda ukanywe chai. Mgonjwa wako hatakufa kwa sababu umeshuka kantini, ingawa najua ndivyo unavyohisi. Mume wangu Karanja na mama yangu mzazi walikaa kwenye benchi kama hiyo mpaka askari wa mlangoni akawahurumia, akawagawia mandazi yake mwenyewe. Kila mmoja aliogopa kwamba akiinuka tu, mlango utafunguliwa na jina langu litaitwa.

Mimi ni Nyambura, wa Free Area hapa Nakuru. Kazi yangu ni kufuma sweta za shule kwa mashine, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, na wateja wangu wakubwa ni wazazi waliochelewa kununua sare. Watu hudhani mashine ndiyo inayofuma. Mashine inasukuma tu. Uzi ukiwa na fundo, ni ncha ya kidole inayolipata kabla halijaingia ndani na kuharibu kifua kizima cha sweta. Nasema haya mapema ili usishangae nikizungumza habari za vidole kuliko habari za kifo. Kifo sikukiona, nilikuwa nimelazwa usingizi. Vidole niliviona kila siku.

Ilikuwa Julai, ile baridi ya Nakuru inayokufanya ulale na soksi. Mgongo uliniuma upande mmoja, chini ya mbavu, nikasema ni kuinamia mashine. Mkojo nao ulikuwa unachoma, lakini mwanamke gani hajawahi kuchomwa na mkojo? Nilinunua dawa ya maumivu kwa kemisti, nikanywa maji mengi, nikaendelea na kazi. Kisha nikaanza kutetemeka. Binti yangu Shiru alinirundikia blanketi zote za nyumba na bado meno yaligongana. Asubuhi sikuweza kushika kikombe. Mikono ilikuwa baridi kama bomba la uani, huku kichwa kinawaka, na Karanja anasema nilikuwa namwambia atoe kondoo jikoni. Hatujawahi kufuga kondoo.

Kutoka chumba cha dharura nakumbuka mambo machache. Nesi alinifunga ule mkanda wa presha mkononi, mashine ikafura, ikasoma, naye akautoa akaufunga mkono wa pili. Hakuniambia imesoma ngapi. Alinibonyeza ukucha, akauachilia, akaukodolea macho kama mtu anayengoja maziwa yachemke. Ukucha ulibaki mweupe. Ndipo akaita watu kwa sauti, na mimi nikaanza kuona taa za dari zikipita moja moja.

Yanayofuata nimeyapata kwa Karanja na kwa mama, na masimulizi yao hayafanani, kwa hivyo nimechukua yale wanayokubaliana. Daktari wa ICU alitoka akawaeleza kwamba maambukizi yametoka kwenye figo yakaingia kwenye damu. Mishipa yangu ilikuwa imelegea mwili mzima. Moyo unakimbia, maji ya drip yanamiminwa, na damu bado haina nguvu ya kufika inakotakiwa. Presha yake iko chini sana, akasema.

Mama akainua mikono. "Bwana asifiwe."

Usimcheke. Kwetu Subukia presha inajua njia moja tu, ya kupanda. Mama humeza tembe za presha, shangazi yangu alipooza upande kwa sababu ya presha, na mtu akirudi kutoka kliniki akisema imeshuka, tunaweka chai. Karanja anasema daktari alikaa kando ya mama kwenye benchi. "Hapana, mathe," akamwambia. "Hii ya kushuka ndiyo mbaya. Ikienda chini zaidi, damu haitafika kwa moyo, haitafika kwa akili." Mama aliteremsha mikono yake polepole. Tangu hapo alikuwa akimuuliza kila anayetoka mlangoni, hata mfagiaji, kama presha imepanda.

Waliambiwa pia kwamba wanangoja mkojo. Nilikuwa nimewekewa mrija, na kila saa nesi alikuwa akipima kilichotoka, kwa sababu figo zikipata damu hukojoa, zisipopata hunyamaza. Zangu zilikuwa zimenyamaza. Akina mama wa kanisa letu walikuwa wamekuja kutoka Subukia, wakaruhusiwa kuomba mle kwenye korido kwa sauti ya chini. Kiongozi wao alikuwa mtu wa haya, na kulikuwa na wanaume, kwa hivyo aliomba Mungu afungulie maji ya mwili wa mtoto wake. Mama akamkatiza katikati ya maombi. "Sema mkojo," akasema. "Anajua ni nini, ni yeye aliuumba."

Karanja anapofika hapo huwa anacheka, kisha anaacha. Yeye na mama walikuwa hawajawahi kuketi karibu namna ile. Kwetu mkwe na mama mkwe hupeana heshima ya kukaa mbali. Mama akija kwetu humaliza chai akalala kwa rafiki yake mtaa wa pili. Sasa walikuwa benchi moja, mchana hadi mchana mwingine, na kila mmoja anasikia tumbo la mwenzake likinguruma.

Kulikuwa na mashine ndogo kando ya kitanda iliyosukuma dawa ya kuinua presha, tone kwa tone, kutoka kwa sindano kubwa. Hiyo ndiyo iliyonishika. Sista Chebet, nesi aliyenilinda zaidi ya wote, aliniambia baadaye kwamba walipokuwa wakibadilisha sindano iliyokwisha, mmoja aliweka mpya na mwingine hakuondoa macho kwenye presha, kwa sababu ilikuwa ikianguka kabla hata mkono haujamaliza kazi. Kwa muda walipunguza dawa, nikavumilia. Kisha nikakataa. Wakaongeza, nikazidi kushuka.

Daktari akatoka tena. Mama alikuwa ameenda kunawa uso, kwa hivyo alimkuta Karanja peke yake. Alimwambia itabidi waiongeze ile dawa sana, na kwamba hufanya kazi kwa kubana mishipa, damu iliyopo ibaki kwenye moyo, ubongo na figo. Vidole vya mikono na miguu vinaweza kukosa. Tayari vilikuwa vimebadilika rangi.

"Bila hiyo dawa?" Karanja akauliza.

"Bila hiyo dawa hatuna mgonjwa."

"Basi ongeza."

Hayo tu. Mama aliporudi kutoka msalani lilikuwa limeshafanyika.

Siku figo zilipoamka, Sista Chebet hakungoja saa ya kuwaona jamaa. Alifungua mlango akachungulia nje. "Mama Shiru amekojoa," akasema, na akina mama wa Subukia wakapiga makofi mpaka askari akaja mbio.

Nilizinduka na mrija kooni. Mtu akiniuliza ilikuwaje, nasema ni kama kuamka ukiwa umefungwa kwa shuka na kila mtu anakuambia tulia. Waliponitoa mrija, sauti ilikuwa imekwenda, nikawa nanong'ona kama jambazi. Uso ulikuwa umevimba hata Shiru, aliporuhusiwa kuniona, alisimama miguuni pa kitanda akatafuta jina kwenye faili kabla ya kunikaribia. Kisha nikaiona mikono yangu juu ya shuka. Kidole cha shahada, cha kati na cha pete vya mkono wa kushoto, na kidole kidogo cha mkono wa kulia, vilikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva kuanzia kwenye kucha. Nikajaribu kuvikunja. Vilikunjika, lakini ncha hazikunipa habari yoyote. Niligusa shuka nikahisi kana kwamba mtu mwingine ndiye anayeigusa.

Sikulia kwa ajili ya uhai wangu hata mara moja. Kwa ajili ya vidole nililia mpaka presha ikapanda, na nesi akafurahi.

Nilipohamishwa wodi ya kawaida, zambarau ikawa nyeusi, na ncha zikaanza kukauka. Mama alikuwa akinilisha uji siku Karanja alipotaja, bila kufikiri, kwamba daktari alikuwa amemwonya kuhusu vidole. Kijiko kikasimama njiani.

"Kumbe ulijua," mama akasema. "Walikuuliza, na ukauza vidole vya mtoto wangu."

Karanja alichukua thamosi akatoka kwenda kuiosha, na ilikuwa safi. Mimi nilitaka kusema kitu lakini sauti ilikuwa bado haijarudi, na hata ingekuwapo sijui ningeipeleka upande gani. Alikuwa ameniokoa. Nilikuwa nimemkasirikia. Vyote viwili vilikuwa kweli asubuhi ile.

Daktari wa upasuaji alikuja akavitazama vidole akiviinua kimoja kimoja kwa kalamu. Alikuwa mtu mfupi, hana haraka. Tulidhani atataja siku ya kukata. Akasema hakati. Kwenye kidole kilichokufa namna hii, akaeleza, kuna sehemu imekufa kabisa na kuna sehemu iliyo na mashaka, na ukikata mapema utakata nyama ambayo ingepona. Ukingoja, mwili wenyewe huchora mstari: huku hai, huku mfu. Wakati mwingine ncha huanguka yenyewe.

"Mpaka lini?" Karanja akauliza.

"Wiki, miezi. Sitamharakisha." Kisha akanigeukia. "Kazi yako ni moja. Vikae vikavu. Hakuna maji moto, hakuna mafuta, hakuna dawa ya kupaka. Vikikauka, hata vikiwa vyeusi vya kutisha, viko salama. Vikilowa, vikinuka, ama ushikwe na homa, kuja saa hiyo hiyo. Maambukizi yakiingia kwa damu tena, hatujui kama tutakushika."

Basi nikarudi nyumbani Agosti na hesabu hiyo kichwani. Nikingoja, huenda nikabakiwa na kiungo kimoja zaidi cha kidole, na kiungo kimoja kwa mfumaji ni mali. Nikingoja vibaya, nitarudi kwenye ile mashine ndogo. Karanja alitaka vikatwe mara moja vyote, nibaki na uhai bila deni. Alisema vidole sita vinatosha mtu kula. Mama alitaka visikatwe hata kimoja, kwa sababu aliamini havijafa, damu imelala tu. Nilikaa katikati yao nikiwa na mikono imefungwa bandeji, nikilishwa na wote wawili kwa zamu.

Hakuna aliyeniambia mwili utafanya nini baada ya ICU, kwa hivyo nakuambia. Nywele zilitoka kwa mafungu kila nilipochanwa. Ngozi ya nyayo ilibambuka kama ganda la kiazi. Kutoka kitandani hadi mlangoni nilipumzika. Nilisahau majina ya majirani, nikaota ndoto za maji yakipanda chumbani, na nikisikia simu ya mtu ikilia pi pi pi dukani, jasho lilinitoka. Hayo yote yanapungua. Kwangu yalichukua misimu miwili, na bado king'ora kikipita barabara ya Nairobi huwa nashika kitu.

Kila asubuhi nilifungua bandeji na kutafuta mstari. Nilivinusa vidole. Ndiyo, nilivinusa, na Karanja akatoka nje asinione, kisha akarudi akavinusa yeye pia. Havikunuka. Nilijipima homa mpaka kipimajoto kikaisha betri. Jua likipenya dirishani, nilivisogeza kwenye mwanga, nikaona pembeni pa weusi kamstari kekundu kembamba, kisha kesho yake nisikaone, nikajiuliza kama kalikuwako.

Kwenye kliniki ya upasuaji tulikaa kwenye foleni ndefu, kila mtu amekumbatia faili lake. Mzee mmoja wa Longonot, ambaye mguu wake ulikuwa umefungwa hadi kwenye goti, aliniuliza ninangoja nini. Nikamwambia nangoja vidole viamue. Akasema yeye guu lake lilikwisha kuamua, ni yeye ambaye hajakubali. Tukacheka, watu wakatuangalia vibaya. Nilipoitwa alinishikia mkoba, na niliporudi alikuwa ameukumbatia pamoja na faili lake. Sikumwona tena, lakini ile ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Julai.

Septemba mstari ukaja. Daktari alinionyesha kwa kalamu yake: vidole vitatu vitapoteza ncha tu, juu ya kiungo cha mwisho. Kile cha kati cha kushoto kilikuwa na mashaka, nyama yake ya chini bado inapigana. Tusubiri mpaka mwisho wa mwaka. Nilitoka pale nikiwa karibu na furaha. Kidole cha kati hadi kwenye kiungo, nikamwambia Karanja, na bado naweza kufuma.

Oktoba watu wa Subukia wakaanza kuvuna mahindi, na mama akawaachia wengine shamba lake akaja kunitunza, kwa sababu Karanja alikuwa amerudi kazini kwake, kufunga nyaya za umeme huko Njoro. Sasa, lazima nikueleze jambo ambalo kila mwanamke wa kwetu analijua. Ukizaa, unakandwa. Ukianguka, unakandwa. Ukiteguka, ukivilia damu, ukitoka hospitali mnyonge, mama yako anachemsha maji ya chumvi, anachovya kitambaa, na mikono yake inakurudisha duniani. Mama alinikanda nilipomzaa Shiru na nikasimama. Kwake kumwacha mtoto wake na vidole baridi bila kumkanda kulikuwa kama kumnyima chakula. Daktari alikuwa amesema hakuna maji moto, naam. Lakini daktari, mama alisema, hajui kukanda.

Alasiri moja mwishoni mwa mwezi huo nililala kwenye kiti cha mashine, dawa za maumivu zimeniweza. Nilipofumbua macho mama alikuwa amepiga magoti mbele yangu, bandeji ziko sakafuni, mkono wangu wa kushoto uko ndani ya beseni, na mvuke unapanda. Alikuwa akiimba kwa sauti ya ndani, wimbo wa kanisani. Alinitazama akatabasamu.

"Husikii uchungu," akasema. "Ona, haukuuma hata kidogo."

Haukuuma kwa sababu sikuhisi. Nilipotoa mkono, sehemu ile hai ya kidole cha kati, chini ya weusi, ilikuwa imekuwa nyekundu na inang'aa, na kufikia saa ya chakula cha jioni ilikuwa na malengelenge. Ncha iliyokuwa kavu kama kuni ilikuwa imelowa, laini. Mama alivikausha kwa kanga yake, akivigusagusa kidogo kidogo, na hakuniangalia tena. Aliniomba nisimwambie Karanja. Nilimwambia alipoingia mlangoni tu, hata kabla hajavua viatu, kwa sababu niliogopa kufa kuliko nilivyoogopa ugomvi.

Hakukuwa na ugomvi. Alinusa kidole, akaenda kutafuta gari.

Njiani nilianza kutetemeka. Nakuambia ukweli, hofu ya mara ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Mara ya kwanza hujui unakokwenda. Nilijua kila mlango. Nilijua rangi ya dari. Kwenye chumba cha dharura nilianza kujibonyeza kucha za gumba, nikihesabu, rangi ikirudi nabonyeza tena, mpaka nesi akanishika mkono akasema nimwachie yeye kazi hiyo. Walinipa antibiotiki za kuingia moja kwa moja kwenye mshipa, wakanilaza, wakanipima presha tena na tena. Ilishuka kidogo. Ikasimama. Tulikaa tukiitazama ile namba kama watu wanaotazama mtoto mgonjwa akilala, na haikushuka zaidi.

Daktari wa upasuaji alikuja akasema sasa hatungojei. Atakata ncha mbili, na kidole cha kati kitakatwa mpaka chini, kwenye kiungo cha karibu na kiganja. Kidole kidogo cha kulia kilikuwa bado kikavu, akakiacha.

Mama alikuwa amesimama ukutani. Akauliza, "Daktari, ni mimi?"

Daktari angeweza kumdanganya, na ningemshukuru. Alivua miwani kwanza. "Hicho cha kati kilikuwa na shida, mama. Pengine tungekipoteza. Lakini maji yale yalitunyima nafasi ya kujua."

Mama akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayepewa maelekezo ya njia. Aliketi kwenye benchi la korido. Karanja alitoka nyuma yake. Mlango ulikuwa wazi, nikaogopa, kwa sababu alikuwa na neno la kumrudishia na alikuwa amelibeba tangu Agosti. Lakini alichofanya ni kukaa, karibu, bila ile nafasi ya heshima, akamuuliza kama amekula. Mama akasema hajala. Akamuuliza kama amemeza dawa yake ya presha. Hakuwa amemeza. Akaenda kumtafutia maji.

Aliporudi mama alimwambia, kwa sauti ambayo hata mimi kitandani niliisikia: "Nilisema uliuza vidole vyake. Sikukuuliza ulinunua nini."

"Meza dawa, Mama," Karanja akasema.

Walinikata Novemba, mvua za vuli zikinyesha. Kidonda kilipona kabla ya Krismasi. Mama alirudi Subukia, na kwa wiki nyingi alinipigia simu kila asubuhi na kuuliza jambo moja tu, kama mikono ni mikavu. Hakuwa tena akinigusa alipokuja. Alikuwa akiweka vitu mezani na kurudisha mikono yake mapajani. Hilo liliniuma kuliko kisu, nami sikujua namna ya kulisema.

Kisha Januari, vumbi limejaa kila mahali, na wazazi waliochelewa wanagonga mlango, tulikuwa tukichambua maharagwe kwenye sinia, mama na mimi. Nilisukuma changarawe moja kando na kidole changu kidogo cha kulia, na ncha ikabaki pale, kati ya maharagwe. Hakuna damu. Hakuna maumivu. Chini yake palikuwa na ngozi mpya, ya waridi, imeshafunga. Miezi sita nilikuwa naamka nikiogopa siku hiyo. Tulikitazama kile kitu cheusi, mimi na yeye. Kisha mama akakichukua, akakifunga kwenye ncha ya leso yake, na akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, mikavu. Nilimwachia mpaka maharagwe yakachelewa kuingia jikoni. Alikizika shambani kwao; hakuniambia ni wapi, na sijauliza.

Nafuma. Si kama zamani. Fundo kwenye uzi nalitafuta sasa kwa gumba la kulia, na sweta moja inanichukua muda wa sweta mbili. Shiru ananivutia uzi akitoka shule. Mzazi mmoja aliangalia mikono yangu akaniuliza kama ni mashine ilinifanya hivi, nikamwambia ndiyo, mashine, kwa sababu kueleza kunachosha. Halafu nikaona kwamba si uongo mkubwa.

Lakini nisikudanganye kwamba hofu inaisha. Mwezi wa nne, mvua ndefu zilipoanza, niliamka natetemeka, koo kavu, kichwa kizito. Karanja aligusa paji langu, akaanza kuvaa. Akampigia mama simu. Tulipofika hospitalini, ndiyo kwanza tumekaa, mama naye akaingia, viatu vya shamba miguuni, tope la Subukia halijakauka. Tulikuwa watatu kwenye benchi.

Nesi wa zamu alikuwa msichana mdogo ambaye hakuwahi kuniona. Alikuja na kile kidude cha kubana kidole. "Nipe kidole, mathe," akasema. Nilimnyoshea mkono wa kushoto kwa mazoea. Akaushika, akasita, kidude kikiwa wazi, akitafuta mahali. Nikaurudisha, nikampa gumba la kulia. Akafunga mkanda mkononi, mashine ikafura. Karanja alikuwa akitazama namba kwa midomo inayotembea. Mama alikuwa ameshika upindo wa sweta yangu.

"Presha iko sawa," nesi akasema. "Hii ni homa tu, imeshika watu wengi na hii mvua. Kunywa maji, chukua hizi dawa, uende nyumbani ulale."

Akaita jina linalofuata. Karanja akaokota mkoba. Nilipokea dawa, nikasema asante, tukarudi kwenye benchi ili mama afunge vizuri kamba za viatu. Alizifunga. Watu waliingia na kutoka. Baada ya muda nesi yule akapita tena, akatukuta pale pale, akasimama.

"Kuna mtu mwingine mnangoja?" akauliza.

"Hapana, sista," Karanja akasema. "Tunaenda sasa hivi."

Tukaendelea kukaa.